Kuacha GPS ya mkono na kuhamia simu baharini: alama za ami yangu nazihamisha vipi?

mwana_wa_mkunguni (Lamu)

Asalaam aleikum wadau. Nataka ushauri wa mtu aliyelifanya jambo hili kwa mkono wake, manake hapa Mkunguni nshauliza kila kijana mwenye simu kubwa na kila mmoja ana lake.

Mimi ni mtu wa mashua, napeleka wageni Manda Toto na Kiwayu na siku zisizo na wageni naenda kuvua. Njia za bahari nimefunzwa na ami yangu, na yeye ana GPS ya mkono ya zamani, ile ya kioo cha kijivu inayokula betri mbili za AA, tangu nikiwa mdogo naiona imefungwa kwa uzi karibu na sukani. Ndani mna alama zake zote, vipwa yaani miamba inayojitokeza maji yakitoka, milango ya kutokea nje ya mwamba, pahali pa samaki kama changu na tewa, zingine kazipa majina zingine ni nambari tu anazozijua yeye. Sasa kifaa kimechoka. Mistari ya kioo inapotea, mpira wa pembeni umebanduka, na juu ya hayo tarehe inaonyesha mwaka wa nyuma huko karibu miaka ishirini, ami anasema kama haijui leo ni lini itajuaje tuko wapi.

Kuna na daftari. Kabla ya hii alikuwa na nyingine miaka ya tisini, ile ikafa, alama zake alizinakili kwa kalamu na nyingi hazimo kwenye hii ya sasa.

Simu yangu ni Samsung ya kawaida. Nikifungua Google Maps nikishatoka bandarini naona buluu tupu na kidoti changu katikati, kina hakuna, mwamba hakuna. Sasa mtandao ukipotea tukiwa njia ya Kiwayu simu itajua tulipo ama itaganda? Alama nazitoa vipi, kitundu cha kebo ni cha duara chenye pini nne na kebo yake sijawahi kuiona. Jua na maji ya chumvi je? Na la mwisho ndilo linalomkosesha ami usingizi, hataki alama zake ziingie intaneti kila mtu azione. Ile ni riziki aliyoachiwa na wazee wake na mimi naona ana haki.

fundi_wa_barani (Malindi)

Waaleikum salaam. Nianze na mtandao manake hapo ndo watu wengi wanachanganya. Simu haihitaji mtandao kujua ulipo. Ndani ina chipu inayosikiliza setilaiti moja kwa moja, sawa na kifaa cha ami yako, na simu nyingi za siku hizi zinasikiliza GPS ya Marekani pamoja na GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, kwa hivo inaona setilaiti nyingi zaidi kuliko kile cha zamani. Kazi ya mtandao hapo ni kuiharakisha tu, simu inavuta kutoka intaneti taarifa za setilaiti ziko wapi badala ya kungoja zenyewe ziseme. Bila mtandao inangoja, setilaiti moja inachukua sekunde 30 kutoa taarifa za njia yake, na orodha nzima ya setilaiti zote ni dakika 12 na nusu. Ndo maana simu iliyokaa imezimwa ukiiwasha katikati ya bahari bila data inakawia, na mtu anadhani imekufa. Iwashe ukiwa bado Lamu, fungua apu mpaka ikushike, ndo uondoke.

Kinachopotea mtandao ukikatika ni ramani. Kwa hivo ramani unaipakua mapema ukiwa na Wi-Fi. OsmAnd na Organic Maps zote zinatumia data ya OpenStreetMap na unapakua Kenya unakaa nayo kwenye simu. Mimi kwa kazi yako ningeanza na OsmAnd kwa sababu ina mtindo wa ramani ya baharini na inapokea alama zako vizuri, ila kina usitegemee kitakuwa kila mahali. Navionics ndo yenye ramani za bahari hasa, lakini ni ya kulipia kila mwaka, kabla hujatoa pesa angalia kwanza pale unapopita wewe wameandika nini, manake ramani inaweza kuwa nzuri bandarini na tupu vichochoroni mwa visiwa.

Na tarehe, mtulize ami. GPS inahesabu wiki, na hesabu ile ya zamani inafika wiki 1024 inarudi sifuri, ambayo ni miaka 19 na miezi saba hivi. Ilirudi Agosti 1999 ikarudi tena Aprili 2019, na vifaa vya zamani visivyopata programu mpya vikajiona viko miaka ya nyuma. Pahali mlipo bado anapata sawasawa. Kinachoharibika ni vile vitu vinavyotegemea tarehe, kuchomoza kwa jua, mwezi, na kama ina jedwali la maji basi lile asilisome kabisa.

Mida_na_ndege (Watamu)

Mimi niko upande wa nchi kavu, natembeza watu wa kuangalia ndege Arabuko Sokoke na Mida, na nilihama kutoka GPS ya mkono kwenda simu kwa hivo naweza kukwambia zile shida ambazo vijana wa video hawasemi.

Ya kwanza ni jua. Simu ikikaa wazi kwenye jua la saa saba huku skrini inawaka mwanga wote na inachaji kwa pawabenki, inapata moto mpaka inajizima yenyewe kujilinda, na itakataa kuwaka mpaka ipoe. GPS ya mkono haina mambo hayo. Kwa hivo simu yangu inakaa kivulini, skrini imezimwa, apu inarekodi njia kimyakimya, natazama nikihitaji tu. Ya pili ni vidole. Kioo kikilowa hakisikii kidole, kinajibonyeza chenyewe kinakufungulia mambo usiyoyataka, na msituni hilo linanipata mvua ikinyesha, nyie baharini ni kila wimbi. Kuna mifuko ile ya plastiki ya kuning'iniza shingoni, inazuia maji kuingia lakini matone juu ya plastiki yanasumbua vilevile. Jifunze kupanga apu ili vitufe vya sauti vya pembeni vikuze na kupunguza ramani, OsmAnd inakubali.

Betri: weka flaiti modi. Simu inayotafuta mtandao usiokuwepo inakula chaji kuliko GPS yenyewe, na ukiweka flaiti modi GPS inaendelea kufanya kazi. Na pawabenki ya 10,000 usidhani inajaza simu ya 5,000 mara mbili, chaji nyingine inapotea njiani, hesabu mara moja na kidogo.

Dira ya simu nayo uiangalie, yale makava yenye sumaku yanaipotosha kabisa, na ikikaa karibu na spika au injini vilevile. Unaizungusha hewani kama unachora nane inajirekebisha.

Kwa upande mwingine nikwambie ukweli, chini ya miti mikubwa simu yangu mpya inanishikia njia vizuri kuliko ile GPS ya zamani, na ramani ninayoiona ni kubwa, mgeni anaelewa tulipo bila mimi kumfafanulia. Sirudi nyuma. Lakini ile ya zamani bado naibeba na betri zake za ziada, haikai nyumbani.

faiba_boy254

bro uza hiyo kitu kwa watalii wanapenda vitu vya kale 😅 simu moja inatosha, mimi natoka Malindi mpaka Ngomeni na simu peke yake na nafika, sijui wazee wanaogopa nini

nahodha_wa_pate

Kijana, Malindi na Ngomeni unaona bara ndia nzima. Huyu mwenzio yuasema Kiwayu, na kusi, ule upepo, liko ndiani laya. Jambo la kumwambia mtu auze chombo chake si la mchezo.

Wewe mwana wa Mkunguni sikiza. Ami yako hakuogopa simu, yuaogopa kutegemea kitu kimoya. Sisi kabla ya GPS yoyote tulikuwa na dira na alama za bara, unaangalia mnara na kilima, vikifunikana hivi unajua uko kwenye mlango, vikiachana unajua umeingia mwambani. Zile alama hazina betri. GPS ilipokuya hatukuziacha, tuliongeza juu yake. Basi na simu iongezeni juu, msiondoe kitu.

Na jambo moja nataka vijana walielewe. Hata ramani ya kulipia, kina kinachoandikwa pale ni cha mayi yakikupwa kabisa. Huku kwetu bamvua, zile siku za mayi makubwa, mayi yapanda na kushuka kiasi cha mita tatu hivi, kwa hivo nambari ile pekee haikwambii kama saa hii unapita ama hupiti. Pale Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, mtu mwenye simu ya bei ya gari atakwama vilevile kama hakujua mayi. Tena mafungu ya mchanga yahama, kusi likimaliza kazi yake fungu la mwaka jana halipo pale lilipokuwa, na mtu wa ramani hakuya kulipima tena. Mwamba ndio hauhami. Kwa hivo alama za ami yako za vipwa ni mali, za mchanga ziandikeni lakini msizitie imani.

mwana_wa_mkunguni

Mzee nashukuru sana, haya maneno nimemsomea ami akatikisa kichwa akasema huyo ni baharia. Dada wa Mida pia shukrani, la flaiti modi sikulijua.

Fundi, kebo nimeulizia hapa mjini hakuna. Nikaona bora nizinakili kwa mkono moja moja, hata kama ni nyingi. Nikifungua alama inaonyesha hivi, kwa mfano S 02° 16.150 halafu E 040° 54.120. Kwenye simu zile nambari nikiangalia ni tofauti, ni kama 2.2 na desimali nyingi. Naandika vipi? Na kwenye seting za kile kifaa kuna mahali pameandikwa Map Datum: Arc 1960, hiyo ni nini, niiache?

fundi_wa_barani

Subiri usinakili hata moja bado. Umefanya vizuri kuuliza hili la datum.

Nambari kwanza. Kifaa cha ami kinaandika digrii na dakika, ile 16.150 ni dakika, na digrii moja ina dakika 60. Simu nyingi zinaandika digrii peke yake na desimali. Kwa hivo 16.150 unagawa kwa 60 unapata 0.26917, kusini yako ni 2.26917. Na 54.120 kwa 60 ni 0.902, mashariki ni 40.902. Ukiichukua vile ilivyo ukaandika 2.16150 na 40.54120 simu haitakwambia kuna kosa, itakuwekea alama bara porini, kilomita 40 na zaidi kutoka mjini Lamu. Hiyo angalau utaicheka utaona haiwezekani, lakini alama nyingine ambayo dakika zake ni chache inaweza kukuangukia palepale baharini mahali panapoaminika, hapo ndo hatari. Na alama ya kutoa mbele ya kusini usiisahau, ni -2.26917, bila ile utatupwa juu ya ikweta huko upande wa Elwak.

Ila usijichoshe na kugawa. OsmAnd inakuruhusu kuchagua mfumo wa kuandika, chagua ule wa digrii na dakika zenye desimali, uandike kama unavyosoma kwenye kifaa.

Sasa Arc 1960. Kila nambari za pahali zinapimwa kutoka kwenye umbo fulani la dunia waliokubaliana. Ramani za karatasi za Survey of Kenya zilichorwa kwa Arc 1960, simu na setilaiti zinatumia WGS 84. Nambari zilezile kwenye mifumo miwili zinatofautiana kama mita 300, sana sana kaskazini na kusini. Inaelekea kuna mtu alikiseti kile kifaa kilingane na ramani ya karatasi. Ukinakili hivo ulivyoona ukaandika kwenye simu, alama zote zitasogea mita 300 na hutajua, kwa sababu zitakuwa zimesogea zote pamoja na sura ya ramani itaonekana nzuri. Mlango wa mwamba ukisogea mita 300 si mlango tena.

Ingia kwenye seting badilisha iwe WGS 84. Vifaa hivi vinahifadhi alama ndani kwa WGS 84, unachobadilisha ni vile zinavyoonyeshwa tu, kwa hivo alama hazitaharibika. Ukishabadilisha nambari zitakuwa tofauti na ulizoniandikia hapa, hizo ndo za kunakili. Kabla hujaendelea nenda gatini, simamia pahali pamoja, soma kifaa, soma simu, zikilingana kwa mita chache uko salama. Kwenye uwazi wa bahari simu inakosea kama mita 5, zaidi ya hapo sana ujue kuna kitu.

Na ukipata kebo ya duara siku moja, kuna programu ya bure ya kompyuta inaitwa GPSBabel, inazungumza na vifaa vingi vya zamani na inatoa faili ya GPX, ile ya kubebea alama, ambayo apu zote hizi zinaifungua.

Mida_na_ndege (Watamu)

Na la siri ya alama hamjamjibu ami. OsmAnd na Organic Maps alama zinakaa kwenye simu yako, hazichapishwi popote. Unachotakiwa kuangalia ni uhifadhi wa mtandaoni, kama hutaki zitoke kabisa izime, halafu faili ya GPX unaitoa mwenyewe unaiweka kwenye kadi ya memori au flashi ya nyumbani. Kinachovujisha sana ni vitu vingine. Apu za mazoezi zinachapisha njia uliyopita kwa kila mtu kama hujazifunga. Kamera ya simu inaandika pahali ndani ya picha, mgeni akipiga samaki picha pale pale na akaituma kama faili nzima, alama ya ami yako imeenda. Waombe wageni wazime location kwenye kamera, mimi kwa viota vya ndege adimu nafanya hivohivo na hakuna aliyewahi kukasirika, ukiwaeleza sababu wanaelewa.

nahodha_wa_pate

Fundi, hapo kwa daftari hamjafika. Ami yako aliandika miaka ya tisini. Nakumbuka GPS za wakati ule zilikuwa zatutembeza, leo yuakupa hapa kesho yuakupa pale na mashua imetia nanga haijatikisika. Ilikuwa vipi vile?

fundi_wa_barani

Mzee umekumbusha jambo kubwa. Wakati ule Marekani walikuwa wanaharibu kusudi usahihi wa GPS kwa raia, jeshi lao ndo lilikuwa na ile safi. Kosa lilikuwa linafika mita 100. Walizima mwezi Mei 2000 na kuanzia hapo vifaa vyote vikawa sahihi mara moja. Kwa hivo alama yoyote ya daftari iliyochukuliwa kabla ya Mei 2000 ichukulie kama duara la mita 100, si nukta. Juu yake hatujui kifaa kile cha zamani kilikuwa kimesetiwa Arc 1960 ama WGS 84. Dawa ni kutafuta ndani ya daftari alama ya kitu kisichohama, gati, kichwa cha kisiwa, kisha uende palepale upime. Ikitofautiana kama mita 300 kaskazini-kusini umejua ilikuwa Arc, ikitofautiana kidogo bila mpango ni lile la Marekani.

Zile ziweke kwenye simu kwa rangi yake, ziandikwe HAIJAHAKIKIWA, na mtu asipite juu yake usiku.

faiba_boy254

sawa wazee nimeelewa, la datum sikuwahi kulisikia maisha yangu. swali dogo, mimi nina iPad ya nyumbani skrini kubwa, naweza kuitumia badala ya simu?

fundi_wa_barani

Kama ni ile ya Wi-Fi peke yake haina chipu ya GPS, baharini haitakuonyesha kitu. Ile ya laini ndo inayo. Angalia kama ina mahali pa laini.

mwana_wa_mkunguni

Nimerudi na habari. Tulienda gatini mimi na ami, nikabadilisha datum mbele yake, nambari zikaruka akashtuka kidogo, nikamwekea simu kando zikawa zinalingana. Halafu tukakata mpaka Shela tukasimama juu ya kipwa anachokijua kwa macho maji yakiwa yametoka, simu ikatuweka pale pale. Hapo ndo akakubali. Zile za kifaa nimeshanakili nyingi, napiga nambari yeye ananisomea na kuniambia kila moja ni nini, na kuna zingine ambazo hata mimi sikuwahi kupelekwa. Amesema kila nikimaliza ukurasa nizipige tena kwa penseli kwenye daftari jipya na juu niandike WGS 84, penseli kwa sababu haichuruziki ikilowa. Simu itakaa kwenye sanduku la kivuli, kile cha zamani kitabaki sukanini na betri mpya.

Za daftari la zamani tumepata ile ya gati. Imetofautiana karibu mita 300 kusini-kaskazini, kwa hivo fundi ilikuwa Arc. Nataka kutoka nje ya mwamba wiki hii nizihakiki zote.

nahodha_wa_pate

Usitoke wiki hii. Kusi lishaingia, nje mawimbi ni makubwa na wewe utakuwa watazama simu huku mashua yatupwa. Zile za ndani ya visiwa zifanye sasa, chagua siku za bamvua mayi yakitoka vipwa vyote vionekane, uguse na macho. Za nje ziache mpaka maleleji, upepo ukitulia. Na ami yako nenda naye, usimwache nyumbani.

mwana_wa_mkunguni

Sawa mzee, za nje tutangoja. Fundi nikishamaliza kuhamisha Arc kwenda WGS kwa zile za daftari nitauliza tena hapa, naona ile hesabu si ya kugawa tu.

fundi_wa_barani

Si ya kugawa, usiifanye kwa mkono. Kwenye kile kifaa cha ami rudisha datum iwe Arc 1960, andika alama ya daftari kama ilivyo, ihifadhi, halafu rudisha WGS 84 usome nambari mpya. Yenyewe inakufanyia hesabu.